Uadui Wenye Tarehe: Kuwaandika Mahasimu Wanaopendana Katika Riwaya ya Kihistoria

Waandishi wenzangu, wahariri, na ninyi wasomaji mliokuja kutukagua, hamjambo. Asanteni kwa kufika. Kwa foleni ya Thika Road ilivyo siku hizi, aliyeketi hapa saa hizi ametoka kwake gizani.

Mada tuliyopewa ni riwaya ya mahaba ya kihistoria, ile ambayo wawili wanaanza kwa kuchukiana na kuishia kuoana. Msomaji anaijua hatima tangu anapoona jalada. Hanunui kitabu ili ajue kama watapatana. Ananunua aone watapatanaje, ilhali kurasa za mwanzo zimemwonyesha kwamba haiwezekani. Kwa hiyo mzigo wote wa kitabu unabebwa na ule uadui, na miswada inayoanguka huanguka hapo hapo. Sehemu ya mapenzi kila mtu huijaribu na kuiweza kwa kiasi chake. Ugomvi ndio unaotushinda.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: katika riwaya ya kihistoria, uadui lazima uwe na tarehe. Kipimo chake ni chepesi. Chukua ugomvi wa wahusika wako, usogeze miaka kumi mbele, kisha miaka kumi nyuma. Ukisimama vilevile pote pawili, hujaandika historia. Umewachukua watu wa leo ukawavisha kanzu na mabuibui.

Tazama mifano. Mwaka 1837 Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, aliwashinda Mazrui waliokuwa wakiitawala Mombasa, akautwaa mji, nao wakatawanyika, wengine Gazi, wengine Takaungu. Binti wa Takaungu mwaka 1840, na nahodha anayemtumikia Sultani, wana jambo kati yao. Lirudishe hadi 1835 uone: wakati huo jamaa za huyo binti bado wamo ndani ya Ngome ya Yesu, na mwenye kuomba ruhusa ya kutia nanga ni nahodha. Au nenda Kiambu, 1958. Kijana anarudi kutoka kizuizini Manyani, anakuta mashamba yamepimwa na kuunganishwa yeye hayupo, na baba wa msichana fulani alikuwa kwenye kamati iliyokaa ikagawa. Ugomvi huo mwaka 1948 haujazaliwa. Mwaka 1968 hatimiliki zimeshakaa makabatini miaka kumi na shauri limekuwa la mawakili. Kila mmoja wa hawa anaumizwa na kitu ambacho mwaka wake peke yake ndio ulioweza kukileta.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuukalie, na tusitoke Nairobi. Kijiji cha Pangani, mwaka 1938. Leo ukisema Pangani watu wanafikiria barabara kuu, lakini wakati ule ilikuwa makazi ya Waafrika yenye nyumba za udongo na fito, korido katikati, vyumba huku na huku, na mapaa mengi yaliyotandazwa madebe. Kati ya wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi waliojenga kwa pesa zao wenyewe na kupangisha vyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 manispaa ikakibomoa, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo.

Mpe mhusika wako wa kike nyumba. Tumwite Zaina binti Halima. Nyumba ya vyumba sita ameachiwa na mama yake, si na baba wala mume, na swali linalomnyima usingizi ni kama huko wanakopelekwa ataweza kumwachia binti yake kwa namna hiyo hiyo. Mhusika wa kiume ni karani wa manispaa, anayepita na daftari na utepe wa kupimia, akiandika kila nyumba ina nini. Tumwite Musa, wa kutoka Mumias. Nimemtoa Mumias makusudi, kwa sababu huko Uislamu una mizizi. Ungemfanya Mkristo, suala la nikaha lingemeza riwaya nzima: mwanamke Mwislamu wa mwaka ule hakuwa na njia rahisi ya kuolewa na Mkristo, na msomaji wetu anajua. Waandishi wengi hulipita jambo hilo kama hawakuliona. Ukilitaka, liandike kikamilifu. Usipolitaka, liondoe mapema kama nilivyofanya.

Jambo la kwanza: wote wawili wawe na haki. Haki ya Zaina tumeiona. Haki ya Musa ni ipi? Anaamini kijiji kitabomolewa apende asipende, na kwamba nyumba isiyoandikwa vizuri daftarini ndiyo ambayo mwenyewe hatapata kitu. Kwa hiyo anapima kwa uangalifu mno, hadi kibaraza, hadi banda la kuku. Kwa Zaina, uangalifu huo ndio ukatili wenyewe. Hapo uadui umeiva: tendo moja, mmoja analiona wema, mwingine analiona kisu. Ukishindwa kuandika ukurasa mzima wa hoja za Musa bila kumdhihaki, na ukurasa mwingine wa hoja za Zaina bila kumhurumia, usianze sura ya kwanza. Andika kurasa hizo mbili pembeni kabla ya yote. Haziingii kitabuni, lakini bila hizo utakwama sura ya sita.

La pili ni mizani ya nguvu. Chora mstari katikati ya karatasi; upande mmoja andika yale ambayo Musa anaweza kumfanyia Zaina, upande wa pili yale ambayo Zaina anaweza kumfanyia Musa. Musa anaweza kuandika kwamba nyumba haifai kukaliwa na watu. Zaina je? Hapa ndipo ninapompa chumba: Musa ni mpangaji wake, chumba cha nne, na anadaiwa kodi ya miezi miwili. Mizani imekaa sawa. Ingeinama upande mmoja tu, ungekuwa na mwonevu na mwonewa, na hiyo si aina ya riwaya tunayoizungumzia.

Nitaling'ang'ania hili kidogo, maana historia yetu imejaa mitego ya namna hiyo. Mlowezi na mtumishi wake wa jikoni si maadui. Adui ana uwezo wa kukujibu. Yule anayeweza kukufukuza, kukuchapa, kukupeleka kwa polisi, wakati wewe huwezi hata kuondoka kazini bila yeye kukutia sahihi, huyo ni bwana, na ukiandika mahaba yao utaandika hofu ukaiita mapenzi. Vivyo hivyo kwa miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952. Binti wa askari wa homugadi, wale wa upande wa serikali, na kijana wa Mau Mau aliye msituni, hao wanaandikika, kwa kazi na heshima. Mtesaji na aliyemtesa, hapana. Kuna wasomaji ambao babu zao walikuwa kwenye kambi ya kizuizini ya Hola.

Nimetaja kutiwa sahihi. Tuangalie kipande, ile hati ya kazi ya enzi za ukoloni, kwa karibu, kwani ni kifaa kizuri sana kwa mwandishi. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuwa nacho: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia kazini na ya kutoka. Wengi walikitia katika kijaluba cha chuma wakakining'iniza shingoni. Wanawake hawakubeba. Sasa waza tukio la sura ya tisa: Musa ana homa, polisi wanapita wakikagua, na ni Zaina anayetoa kipande cha Musa kwenye koti ili aonyeshe. Anapokifungua anasoma mshahara. Anapiga hesabu kichwani: karo ya wadogo zake Mumias, chakula, kodi. Pesa hazitoshi, hazijawahi kutosha, na mtu huyu hajawahi kula rushwa ya nyumba hata moja, ingawa kila mmoja mtaani anaamini amekula. Hakuna aliyesema neno la upendo hapo. Ila msomaji amehama, na Zaina amehama, na kilichowahamisha ni karatasi ya serikali.

Ona pia kwamba sikutumia mto uliofurika wala simba. Kumwokoa mtu huzaa shukrani, na shukrani ni msingi mbovu wa mahaba. Aliyeokolewa huwa mdeni. Adui hubadilika anapogundua ukweli ambao mwenzake hakukusudia aujue. Kwanza huja heshima, na hiyo yenyewe humkera. Imani hufuata baadaye, tamaa ikiwa ya mwisho, au angalau ya mwisho kukiriwa.

Kuwafanya wakae pamoja ni kazi nyingine inayoharibiwa ovyo. Mvua kubwa, gari lililoharibika njiani, kitanda kimoja kwenye nyumba ya wageni: msomaji ameyaona hayo mpaka amechoka. Iache historia ifanye kazi hiyo. Kwa nini Musa hahami chumba cha nne baada ya ugomvi wa kwanza? Kwa sababu Nairobi ya miaka ile ilikuwa na uhaba mkubwa wa vyumba vya Waafrika, na asiye na pa kulala mjini alikuwa na kesi na polisi. Kwa nini Zaina hamfukuzi? Kwa sababu mpangaji mwenye mshahara wa kila mwezi ni adimu, na kwa sababu, tuseme ukweli, anataka kumwona karani mahali anapoweza kumchunga. Sababu mbili za kihistoria na moja ya moyo. Uwiano huo unatosha.

Kuhusu mazungumzo, sisi tuna hazina ambayo hatuigusi. Malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliwajibu washairi wa Lamu kwa beti wakati miji yao ina vita, na adabu ya kujibizana ilikuwa kulichukua neno la mwenzako ukamrudishia likiwa limegeuka. Hiyo ndiyo sauti ya maadui wanaoelekea kupendana. Matusi ni ya watu wasiosikilizana. Hawa wawili wanasikilizana kuliko wanavyotaka. Mfano:

"Nyumba hii ina vyumba vingapi, bibi?"

"Hesabu. Si ndiyo kazi uliyotumwa?"

"Nimehesabu milango. Chumba kilichofungwa sikioni."

"Basi andika usichokiona, bwana karani. Waliokutuma ndivyo wafanyavyo."

Angalia: "hesabu" na "kuona" vinapita mikononi mwao wote wawili. Sura kumi na tano baadaye, Musa akisema "chumba kilichofungwa sikioni", haongelei nyumba tena, na huna haja ya kumweleza msomaji. Chagua maneno matatu au manne tu ya namna hiyo kwa kitabu kizima. Yakizidi yanakuwa mchezo.

Na majina ya kuitana. "Bwana karani" linaanza kama dharau. Siku atakapomwita "Musa" mbele ya watu, liwe tukio, lenye aya yake. Nimesoma miswada ambayo wawili wanaitana "mpenzi" na "laazizi" mara baada ya busu la kwanza, halafu mwandishi analalamika kwamba nusu ya pili ya kitabu imepooza. Itaachaje kupooza?

Lugha yenyewe ilindwe. Mwaka 1938 hakuna matatu. Mabasi ya Kenya Bus Service yapo, yalianza 1934. Sheng tunayoijua haipo mdomoni mwa mtu. Pesa ni shilingi na senti, na senti kumi ina tundu katikati. Ukirudi kabla ya 1920 ni rupia, katikati kukawa na florini kwa muda mfupi mno. Mitaa nayo: Moi Avenue ilikuwa Government Road, Tom Mboya ilikuwa Victoria Street, Kimathi ilikuwa Hardinge, Biashara ilikuwa Bazaar. River Road ni River Road. Kosa moja la namna hii haliui kitabu. Makosa matatu yanaua, kwa sababu msomaji wa Nairobi akishakukamata na jina la mtaa, hatakuamini ukimwambia Zaina alilia.

Sasa mwendo. Chukua riwaya ya maneno elfu themanini, sura thelathini, kila sura maneno kama elfu mbili na mia sita hivi. Wakutane kabla sura ya kwanza haijaisha, tena kazini, Musa akiwa ameshika utepe. Kufikia sura ya tano sababu ya kutoachana iwe imefungwa kabisa. Heshima ya kwanza, ile ya kipande, sura ya nane au tisa. Suluhu ya muda sura ya kumi na mbili, kwa sababu ya adui wa tatu: labda mwenye nyumba jirani anayeandikisha nyumba za wajane kwa jina lake. Busu lisije kabla ya katikati. Na likija, lisimalize kitu. Asubuhi yake Musa bado ni karani, na daftari bado liko mezani.

Hapo katikati ndipo wengi wanaposahau historia. Mapenzi yakianza, tarehe zinasimama. Hakuna tena manispaa, hakuna kodi, kuna mbalamwezi tu. Kisha sura ya ishirini na mbili mwandishi anahitaji kuwatenganisha, hana kitu, anabuni barua iliyopotea au shangazi mchonganishi. Jambo linaloweza kutatuliwa na sentensi moja ya "hebu nieleze" si kizuizi. Ukiwa umeacha saa ya historia iendelee kugonga, kizuizi kinakuja chenyewe: orodha ya mwisho ya nyumba zisizofaa kukaliwa inatoka, nyumba ya Zaina imo, na mwandiko ni wa Musa. Aliandika kabla hawajapatana. Hakusema uongo hata neno moja. Hana la kukanusha.

Kuomba radhi kuwe na gharama inayolingana na kosa. Maua hayatoshi kwa nyumba. Musa alitumia kazi yake kumpotezea Zaina kitu, kwa hiyo atoe kupitia kazi hiyo hiyo: asimame mbele ya wakubwa wake aseme ni nani aliyejiandikishia nyumba za wajane, akijua watamwachisha kazi, na kwamba mwajiri asipotia sahihi kwenye kipande chake hatapata kazi nyingine mjini. Na Zaina naye alipe. Tumezoea vitabu ambavyo kila mara ni mwanamke anayeacha vyote akamfuata mume. Yeye alimtangaza mtaa mzima kuwa mla rushwa ilhali alikwishasoma kile kipande. Aliyesema kisimani, akanushe kisimani, mbele ya wale wale waliomsikia.

Utafiti mnaufanyia wapi? Jumba la Nyaraka za Taifa lipo Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki, hatua chache kutoka stendi. Ombeni taarifa za mwaka za manispaa na za wakuu wa wilaya kwa mwaka wenu, pamoja na miaka miwili nyuma yake. Gazeti Rasmi la Serikali linachapishwa tangu 1899 na lina sheria, leseni, mali za marehemu, hata minada. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, inafaa kwa magazeti ya zamani. Msisome habari kubwa peke yake, someni matangazo, maana bei ya viatu na ya taa iko huko. Kwa safari za reli, Jumba la Makumbusho ya Reli lipo, na kumbukeni Mwafrika wa kawaida alisafiri daraja la tatu. Andaeni ukurasa mmoja wenye mambo sita ya mwaka wenu: pesa, usafiri, mwanga wa usiku, sheria zinazomgusa mhusika, habari zinafikaje, na nani anatawala. Ubandikeni ukutani. Kati ya yote mtakayoyapata, pengine sehemu moja katika kumi ndiyo itakayoingia kitabuni. Nyingine iacheni. Msomaji hakuja kusomewa taarifa ya manispaa.

Bado kuna mwisho wa Pangani. Nyumba ya Zaina lazima ibomolewe. Nimeona mwandishi anaokoa nyumba ya mhusika wake kwa kalamu, kijiji kizima kinaondoka yake inabaki, na mara moja kitabu kinageuka hekaya. Mahaba yana haki ya kuishia vizuri. Hayo ndiyo makubaliano na msomaji, na anayetaka kuwaua wahusika wake sura ya mwisho aandike tanzia, aiite tanzia. Lakini wema huo wautafute ndani ya yaliyotokea. Wanahamia Shauri Moyo kama wengine. Mlango wa korido unaweza kung'olewa na kubebwa kwenye mkokoteni. Milango ilikuwa na thamani na watu waliibeba. Nani anausukuma mkokoteni, nani anashika kamba, na wanagombana nini njiani, maana wasipogombana kabisa hawatakuwa wao. Kurasa sita zinatosha.

Baada ya hapo wekeni ukurasa wa maelezo ya mwandishi: kipi kilitokea, kipi mmebuni, na wapi mmesogeza tarehe. Mfupi, bila kujitetea.

Naona mikono imeshainuka. Kipaza sauti kianzie upande wa dirishani, na tafadhali, swali moja kwa kila mtu.